MJADALA: Daraja likiwa bado kwenye msingi, mkandarasi tumkimbize au tumwache?

Wakuu, hoja yangu ni moja na najua wengi mtanipinga. Daraja la mto likiwa bado kwenye msingi, viongozi waache kwenda saiti na kamera kuuliza asilimia. Badala yake, mkandarasi alazimishwe kubandika getini matokeo ya vipimo vya kila nguzo ya chini, yaani zile za zege zinazozikwa ardhini kubeba daraja.

Nachukua Jangwani, Dar es Salaam, kwa sababu ndipo tunapogombana. Masika ikichachamaa, Mto Msimbazi unafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ndio unaotuletea daraja jipya la mita 390 hivi. Na vijiweni wimbo ni uleule: mbona hatuoni kitu, mkandarasi kalala.

Hatuoni kwa sababu kazi iko chini. Bonde lile ni tope na mchanga ulioshuka na mto kutoka vilima vya Pugu miaka nenda rudi. Wapima udongo wanachoronga shimo, wanateremsha fimbo ya chuma, halafu nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa juu yake kutoka kimo cha sentimita 76. Mtu anahesabu mapigo hadi fimbo izame sentimita 30. Penye mchanga ulioshikana atafika hata 40. Penye tope, mapigo mawili matatu fimbo imeshakwenda. Hesabu hiyo ndiyo inayosema nguzo iende chini kiasi gani, na hakuna hotuba ya kuibadilisha.

Kisha nguzo zenyewe. Shimo linajazwa maji mazito ya bentonaiti, aina ya udongo laini, ili kuta zisibomoke, kapu la nondo linashushwa, zege linamiminwa kwa bomba linalofika chini kabisa. Mdomo wa bomba lazima ubaki umezama ndani ya zege muda wote. Mtu akiharakishwa, akalivuta mapema, tope linaingia katikati. Juu utaona zege safi, kumbe mita 15 chini nguzo ina kiuno cha udongo, na wiki ijayo inafunikwa. Hapo ndipo sitaki mtu apigiwe kelele.

Mtoto wa Magomeni: Kaka, umeongea kihandisi, mimi naongea kama mwenye duka. "Udongo mbaya" ni kisingizio cha kila mkandarasi. Mara maji, mara mtambo mbovu, mara mchoro umebadilishwa, mwisho anaomba nyongeza ya muda na ya fedha. Anayekula hasara ni mimi mwenye fremu barabarani. Kiongozi asipokwenda kuuliza, nani atauliza? Hiyo karatasi ya getini nitasoma nini mimi?

Jirani wa Busia: Ndugu zetu wa Tanzania, kumbukeni daraja la Sigiri huku kwetu Kenya, Budalang'i, juu ya Mto Nzoia. Juni 2017 Rais alilikagua, uchaguzi ukiwa Agosti. Juni hiyohiyo likaporomoka kabla ya kukamilika. Haraka ya siasa hiyo.

Mleta mada: Asante jirani, lakini tusilisingizie Sigiri. Kilichoanguka pale ni sehemu ya juu, ya katikati. Ni ushahidi wa mambo mengine, wa msingi siyo. Kwa msingi mfano wangu ni daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza, ingawa lile ni la ziwani. Jiwe la msingi Desemba 2019, magari yamepita Juni 2025. Waliokuwa wanasubiri kivuko miaka ile waliona daraja la muda la chuma na mitambo tu, na kelele zilikuwa hizihizi.

Sasa wewe wa Magomeni. Kisingizio chako ni cha kweli, ila tafuta kinakozaliwa. Mikataba mingi mikubwa inafuata taratibu za FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri: hali ya ardhi ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia, gharama yake ni ya mwenye mradi. Kwa hiyo serikali ikichoronga mashimo machache kabla ya zabuni ili kubana matumizi, imempa mkandarasi fimbo ya kuichapia. Mashimo yachorongwe ya kutosha na taarifa iwekwe wazi mapema. Akija kusema "sikujua kuna tope Jangwani", tunamcheka.

Injinia wa Saiti: Hapo kwenye mashimo nakuunga mkono. Kwenye kubandika matokeo getini, hapana. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaweza kuonyesha dosari kwenye nguzo moja kati ya nyingi. Sisi tunachimbua sampuli ya zege, tunapiga hesabu upya, ikibidi tunaongeza nguzo pembeni. Ni kazi ya kawaida. Ukibandika getini, jioni mtandaoni daraja "limeoza" na mhandisi mshauri anaitwa kujieleza. Matokeo yake? Watu wataanza kuficha.

Mleta mada: Mkuu, kwani sasa hawafichi? Bandikeni dosari na namna ilivyorekebishwa, mstari mmoja chini ya mwingine. Mwananchi anayelipa deni la ule mkopo si mtoto.

Injinia wa Saiti: Mstari wa pili unaweza kuchukua mwezi kuja. Huo mwezi utaulinda wewe?

Mtoto wa Magomeni: Mnagombea karatasi. Andikeni hivi, hata mimi nitasoma: nguzo za chini jumla ngapi, zimekamilika ngapi, zilizopimwa na kukubaliwa ngapi, na ya mwisho inamalizika tarehe gani. Hapo kiongozi abaki ofisini kwake. Tarehe ikipita, nakwenda kuuliza mwenyewe, ni hatua chache tu kutoka dukani.

Injinia wa Saiti: Hiyo ya idadi naweza kuitetea kwenye kikao. Ya tarehe, nipeni kwanza masika ipite.