Mdogo wangu anaanza utabibu Mtwara, nimnunulie kitabu gani cha maneno ya kidaktari?

Mkulima_Nachingwea
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza form four, kapata nafasi ya kusoma utabibu hapo Mtwara mjini, anaanza NTA level 4 (ngazi ya kuanzia chuoni) na Mungu akijalia miaka mitatu anatoka na diploma. Sisi ni wakulima wa huku Nachingwea, hela ya korosho ya mnada wa kwanza imeingia, ada nimelipa, godoro na ndoo tayari, imebaki kitabu. Waliomtangulia wanamwambia semista ya kwanza kinachowaliza wengi ni yale maneno ya kidaktari, mwalimu anayamwaga mfululizo na wewe hata kuyaandika hujui. Nimeingia duka la vitabu nikaonyeshwa vitatu, kimoja kinene kama tofali, cha pili ni kamusi ya A mpaka Z, cha tatu chembamba kina orodha ya maneno na maana zake basi. Muuzaji anasema vyote vizuri. Mimi shule niliishia form two siwezi kuvipima, na hela ya kununua viwili sina. Nichukue kipi?

Tabibu_Newala
Kaka hongera sana kwa kumsomesha binti. Mimi ni tabibu, huu mwaka wa tisa nipo kazini, nikushauri kwa moyo mmoja: hicho cha orodha kiache hapohapo dukani na kamusi nayo iache kwanza.

Maneno haya mengi yametoka Kigiriki na Kilatini na ukiyakariri moja moja hufiki popote. Yanachambuliwa, kama vile tulivyochambua "wanapikiana" darasani, kuna kiambishi awali, kuna mzizi, kuna kiambishi tamati, ila huku unaanza kusoma nyuma ndo unarudi mbele. Chukua splenomegaly. Megaly ni kukua kupita kiasi, spleno ni bandama, kwahiyo bandama limekuwa kubwa, na kwa malaria ya huku kwetu atalipapasa sana hilo. Haematuria, uria ni mkojo na haemat ni damu, ndo ule mkojo wa damu wa mtoto mwenye kichocho. Hydrocele, hydro maji, cele uvimbe, hilo ni busha na ukanda wetu huu wa pwani nani hajaliona. Sasa akishaijua megaly, siku akikutana na hepatomegaly anachohitaji ni kujua hepato ni ini, nusu ya kazi ilishaisha zamani.

Kwahiyo kitabu kiwe kinafundisha kuchambua kwanza, halafu kimepangwa kwa mifumo ya mwili, moyo na mishipa peke yake, mfumo wa mkojo peke yake, na kiwe na mazoezi yenye majibu humohumo maana hatakuwa na mtu wa kumsahihishia usiku. Mimi nilisomea The Language of Medicine cha Davi-Ellen Chabner, ni kinene kweli, huenda ndo tofali lako hilo. Mama huyohuyo ana kifupi kinaitwa Medical Terminology: A Short Course, na kwa level 4 ningekuwa mimi ningechukua hicho kifupi, kinene kinamtisha mtoto anakigeuza mto wa kulalia.

Nesi_Mikindani
Naunga mkono ila tabibu umesahau kitu kilichonitesa mimi, TAHAJIA. Vitabu hivyo ni vya Marekani na sisi vyuoni tunaandika Kiingereza cha Uingereza. Wao wanaandika anemia sisi anaemia, wao edema sisi oedema (mwili kuvimba kwa kujaa maji), wao esophagus sisi oesophagus. Mwaka wa kwanza nimetafuta oedema kwenye faharasa kwenye herufi O mpaka macho yakauma, nikajua kitabu hakina, kumbe ipo kwenye E muda wote. Kaka yangu ukifika dukani fungua kurasa za mwisho utafute hilo neno, ukilikuta kwenye E sio kwamba kitabu kibaya, ila mwambie binti aandike kwa penseli ndani ya jalada kwamba penye e tupu mara nyingine sisi tunaweka ae au oe, itamuokoa.

Halafu aangalie kama kitabu kinayaweka pamoja maneno yanayofanana maana hapo ndo watu wanaumia. Ileum ni utumbo mwembamba ile sehemu ya mwisho, ilium ni mfupa wa nyonga, herufi moja tu. Dysphagia shida ya kumeza, dysphasia shida ya kuongea. Ectomy kukata na kutoa kabisa, otomy kupasua, ostomy kutoboa njia na kuiacha wazi. Na hypo (chini) na hyper (juu) nawaombeni sana, tukiwa wodini kipindi cha mafunzo mwenzangu aliandika hypo kwenye faili la mgonjwa ambaye sukari yake imepanda, yaani kaandika imeshuka, na matibabu yake ni kinyume kabisa, mmoja unampa sukari mwingine insulini. Aliyesimamia zamu aliliona mapema. Mpaka leo nikiandika herufi hiyo nasoma mara mbili.

Ndanda_Kwetu
Mimi natofautiana na nyie kidogo wakuu. Hela ikiwa ya kitabu kimoja mnunulie cha anatomia na fiziolojia, maneno atayakuta mlemle yakiwa na picha, badala ya hicho cha maneno achukue daftari la kurasa 200 ajaze mwenyewe.

Tabibu_Newala
Mkuu Ndanda daftari nakubali na ninalo langu mpaka leo. Lakini anatomia anayoijua form four ni ya baiolojia tu, akifungua kitabu kile anakutana na nephro ukurasa huu na renal ukurasa ule, nani atamwambia kwamba zote ni figo, moja imetoka kwa Wagiriki moja kwa Walatini? Figo, moyo, mapafu, kizazi, vyote vina majina mawilimawili hivyo. Atangulize hiki, cha anatomia aazime maktaba.

Nesi_Mikindani
Na ile kamusi kaka usiisahau jumla, mwakani korosho zikikubali mtafutie Kamusi ya Tiba ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili). Maana akimaliza chuo atakaa na bibi katoka Tandahimba anakwambia "mwanangu kifua kinabana na miguu inajaa", yule bibi hana habari na dyspnoea, yaani kupumua kwa shida. Lazima aweze kwenda na kurudi, asikie Kiswahili aandike kidaktari halafu amrudishie bibi kwa Kiswahili. Hilo hakuna kitabu cha Marekani kitakachomfundisha, aanze mapema kwenye daftari lake, safu ya tatu, baada ya neno na maana yake, aandike neno la mgonjwa.

Mkulima_Nachingwea
Ndugu zangu asanteni sana, nimerudi dukani leo. Nikafungua nyuma kama dada Mikindani alivyosema, oedema haipo kwenye O, ipo kwenye E bila ile o, muuzaji mwenyewe akashangaa. Kile kinene ni hichohicho cha huyo mama Chabner. Kifupi hawakuwa nacho, wakapiga simu duka la mjini Lindi wakasema kipo kimoja kimetumika, kimekuja na basi la saa tisa. Kurasa chache zimejazwa kwa penseli, nimenunua kifutio.

Jioni hii mdogo wangu kakifungua sebuleni, mama anapepeta mchele, mara kaita "mama yale madonda yako ya tumbo hospitali waliandika gastritis, gastr ni tumbo, itis ni uvimbe wenye moto, kwahiyo sio donda, ni ukuta wa tumbo umevimba". Mama kaacha ungo kamwambia soma tena.

Tabibu hapo kapatia?

Tabibu_Newala
Kapatia. Ajifunze kusema ukuta wa tumbo la chakula, maana tumbo kwa Kiswahili ni kubwa sana, na huyo mama aendelee kutumia dawa alizopewa.