Tupeane uzoefu: Kutafuta nasaba ya Kiingereza kwa msaada wa watafiti wenzetu

Binti Pwani (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Tupo wengi tunaozungumza Kiswahili nyumbani huku upande mmoja wa ukoo wetu, au wa watoto wetu, ukiwa umeanzia katika vijiji na miji ya Uingereza: wengine kwa ndoa, wengine kwa babu aliyekuja Afrika Mashariki kikazi. Nasaba za kwetu pwani tumezipokea kwa midomo ya wazee. Za Waingereza, kwa sehemu kubwa, zimo katika karatasi, na anayezitafuta hana budi kujua karatasi ipi iliandikwa na nani, kwa sababu gani, na imehifadhiwa wapi.

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Kabla ya hapo tegemeo kubwa ni rejesta za parokia za ubatizo, ndoa na maziko, ambazo ziliamriwa kuandikwa mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry wa Nane, ingawa si kila parokia imebaki na vitabu vya zamani kiasi hicho. Sensa zinazotumiwa zaidi na watafiti ni zile za kuanzia 1841 hadi 1921. Hayo anaweza kuyasoma yeyote. Lakini kati ya hati moja na nyingine huwa pana pengo, na kwa niliyoyaona mimi, pengo hilo huzibwa mara nyingi na mtu mwingine anayeifahamu wilaya ile, au aliyezoea mwandiko wa karne ile, au ambaye hana mapenzi na jibu tunalolitamani sisi, na kwa hiyo huuliza ushahidi uko wapi.

Naomba kila atakayechangia aeleze alikwama wapi, nani alimsaidia, na hati gani iliyomaliza shaka. Majina ya watu walio hai tuyaache.

Mkwe wa Yorkshire

Ahsante sana, dada. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na nimeolewa Sheffield. Mama mkwe alinikabidhi Biblia ya familia yenye majina ya watoto wa mnoa visu mmoja, ambaye ni babu wa babu yake mume wangu. Mtoto wa pili, ambaye ndiye tunayetokana naye, alikuwa ameandikiwa mwaka 1840 tu, bila siku wala mwezi. Katika faharasa za vizazi za Sheffield nilikuta majina yanayofanana naye tele, na hakuna hata moja lililolingana na wazazi wake.

Nilimwandikia mzee mmoja wa chama cha historia ya familia cha huku. Hakuanza kunipa majibu. Aliniuliza familia hiyo iliishi mtaa gani katika sensa ya 1851, na ilisali kanisa gani. Nilipomtajia mtaa, alinieleza kwamba sehemu ya magharibi ya mji haikusajiliwa chini ya Sheffield bali chini ya wilaya ya usajili ya Ecclesall Bierlow, jina ambalo nisingelifikiria kamwe. Akanikumbusha pia kwamba faharasa hizo zimepangwa kwa robo za mwaka kwa kufuata tarehe ya kusajiliwa na si ya kuzaliwa, na kwamba wazazi walikuwa na siku 42 za kusajili, kwa hiyo mtoto wa Desemba huweza kuonekana katika robo inayoishia Machi ya mwaka unaofuata. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto wetu.

Kutokana na hapo kazi ilifunguka. Faharasa mpya ya ofisi kuu ya usajili inaonesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, wakati ile ya zamani ilianza kulionesha mwaka 1911 tu. Kwa kuoanisha jina la baba na la mama tuliwapata ndugu zake wote, wakiwemo watoto wawili waliozaliwa na kufariki kati ya sensa moja na nyingine, ambao hawakutajwa hata katika Biblia ile. Mama mkwe alipowasikia kwa mara ya kwanza alitaka majina yao yaandikwe palepale pamoja na ya wenzao, nami niliyaandika.

Yule mzee alinionya jambo moja ambalo nalirudia hapa kwa msisitizo: kabla ya 1875 mzazi hakuadhibiwa kwa kutokwenda kusajili, kwa hiyo kukosekana kwa mtoto katika faharasa si uthibitisho kwamba hakuzaliwa. Hapo ndipo ubatizo unapoangaliwa; na kama familia ilikuwa ya Wamethodisti, kama hii yetu, rejesta nyingi za makanisa yasiyo ya Kianglikana zilikusanywa na serikali kuanzia 1837 na sasa zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London.

Malipo hakutaka. Aliniomba nisaidie kunakili maandishi ya makaburi ya uwanja wa kanisa lililo karibu nami, na kazi hiyo ninaifanya hadi leo. Hata faharasa nilizozitumia bure mwanzoni zilinakiliwa na watu wa kujitolea kupitia mradi wa FreeBMD, ulioanza mwaka 1998, na ni haki kuwakumbuka.

Mjukuu wa Mkonge

Kwangu mimi karatasi hazikuwepo kabisa. Mama yangu alizaliwa Tanga mwishoni mwa miaka ya 1940, na baba yake alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi kwenye mashine za shamba la mkonge. Aliondoka mama akiwa mchanga, na bibi alibaki na jina lake la kwanza tu, ambalo hata hivyo wafanyakazi walilitamka kwa namna yao. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilipima vinasaba, na kati ya majina yaliyotokea palikuwa na mzee mmoja wa Lincolnshire anayeshiriki nami takriban sentimogani 430, hicho kikiwa kipimo cha vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wamerithi kutoka kwa mababu wa pamoja.

Nilikuwa tayari kumwandikia siku ileile. Mama mmoja wa Hull, mtafiti wa miaka mingi ambaye hatujawahi kuonana ana kwa ana, alinisihi nisubiri, akaeleza sababu kwa utaratibu ambao nimeushika moyoni. Kiasi kile cha sentimogani kinaweza kuwa cha mjukuu wa babu yangu kwa mke mwingine, na kinaweza vilevile kuwa cha binamu wa mama yangu, yaani mtoto wa ndugu wa babu. Namba peke yake haitenganishi mambo hayo mawili, na barua ya kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa na mtoto Afrika ni nzito mno kuandikwa kwa kubahatisha.

Akaniongoza kwenye orodha za abiria walioondoka bandari za Uingereza kwa safari ndefu za baharini, zilizohifadhiwa Kew kwa miaka ya 1890 hadi 1960. Orodha hizo hutaja umri na kazi, na zile za baadaye kwa kawaida hutaja anwani ya mwisho ya msafiri. Tulimpata fundi mitambo aliyeelekea Tanga, mwenye jina la kwanza lile alilolikumbuka bibi, na jina la ukoo sawa na la yule mzee wa Lincolnshire. Sensa ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022, ilimwonesha akiwa mtoto katika nyumba moja na kaka yake. Halafu rejesta ya 1939, ile orodha ya wakazi iliyoandikwa kwa ajili ya vitambulisho, ikamwonesha kaka huyo akifanya kazi ya reli katika mji uleule, na ndiye aliyekuja kuwa baba wa mzee tuliyelingana naye. Umri wa mzee nao ulikubaliana, kwa kuwa ni wa rika la mama yangu na si la kwangu. Kwa hiyo aliyekwenda Tanga alikuwa ami yake, na mzee mwenyewe ni binamu wa mama.

Barua tuliiandika pamoja. Mama wa Hull alishauri nianze na hati, nieleze wazi kwamba sitafuti mali wala urithi, na nimwachie nafasi ya kutojibu. Alijibu baada ya majuma kadhaa, kwa upole, akauliza kama mama yangu yu hai. Sasa wanazungumza kwa simu, mama kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, na mzee anamsimulia habari za baba ambaye hakuwahi kumjua.

Mwalimu Mstaafu

Nimeisoma simulizi ya ndugu Mjukuu kwa furaha. Yangu inahusu Norfolk, na inaanzia kwenye mti wa ukoo uliochorwa vizuri sana na mjomba wa mke wangu miaka mingi iliyopita, ukiwaunganisha na familia ya kabaila mwenye cheo na ardhi. Kiungo cha kati kilikuwa mvulana aliyebatizwa mwaka 1791. Kila aliyerithi mti huo aliunakili kama ulivyo.

Nilimwomba mtafiti mmoja mwenye uzoefu wa rejesta za Norfolk aukague. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna mtu aliyewahi kuangalia maziko. Hakuna aliyekuwa ameangalia, na kitabu cha parokia ileile kilionesha kwamba mvulana huyo alizikwa mwaka 1793. Mtoto aliyekufa akiwa na miaka miwili hawezi kuoa mwaka 1815. Nawaomba wote mnaofanya kazi hii msiukubali ubatizo wowote kabla ya kutafuta maziko ya jina hilohilo katika miaka inayofuata, kwa sababu vifo vya watoto vilikuwa vingi, na wazazi mara kwa mara walimpa mtoto mwingine jina la marehemu.

Babu wa kweli alipatikana katika parokia ya jirani, akiwa amebatizwa kwa jina la mama peke yake. Rejesta haikusema zaidi ya hapo. Lakini msaidizi wangu alijua mahali pa kuendelea, yaani nyaraka za wasimamizi wa maskini, zilizokuwa zikitunzwa katika sanduku la parokia na ambazo siku hizi huwa katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Parokia haikutaka kubeba gharama za kumlea mtoto ambaye baba yake angeweza kulipa, kwa hiyo mama alihojiwa akamtaja kibarua wa shamba fulani, na kibarua huyo akaamriwa kulipa kila juma. Karatasi ile ndiyo iliyotupa upande wa baba.

Hati iliyonigusa zaidi ilikuja baadaye. Chini ya sheria iliyoanzia mwaka 1662, maskini alipewa msaada na parokia aliyokuwa na haki ya ukaazi, na haki hiyo ilipatikana kwa njia zilizoainishwa: kwa kurithi ukaazi wa baba, kwa uanagenzi, kwa kuajiriwa mwaka mzima akiwa hajaoa, au kwa kupanga nyumba ya paundi 10 kwa mwaka. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alihesabiwa kuwa wa parokia alipozaliwa. Babu huyu alipougua akiwa na watoto, alihojiwa mbele ya mahakimu wawili ili ijulikane ni parokia ipi inayowajibika kwake. Akaeleza alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani, kwa mshahara gani, na alioa wapi. Mwandiko ulikuwa mgumu na wino umefifia. Mtafiti yule aliusoma neno kwa neno, na palipokuwa na shaka aliacha alama badala ya kukisia.

Baadhi ya jamaa wa mke wangu hawakupendezwa kumpoteza kabaila. Nawaelewa na ninawaheshimu, lakini mimi namthamini zaidi mtu huyu aliyeyasimulia maisha yake mwenyewe na kutia alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika.

Mlinzi wa Kumbukumbu

Nachangia kwa ufupi kwa wenye askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Majalada mengi ya askari wa kawaida yaliteketea London katika shambulio la anga la Septemba 1940, kwa hiyo kukosa jalada lisiwavunje moyo. Mwenzangu mmoja wa Lancashire alinielekeza kwenye orodha ya 1918 ya wapiga kura wasiokuwepo, yaani waliokuwa mbali na kwao kwa utumishi wa vita, ambayo imepangwa kwa anwani ya nyumbani na mara nyingi hutaja kikosi na namba ya askari. Kwa anwani ya mjane nilipata namba, na kwa namba hiyo nikapata kadi ya medali. Si kila mji uliohifadhi orodha hiyo. Ulizeni maktaba ya mji husika kwanza.

Mama wa Mapacha

Nawashukuru wote. Naomba msaada: bibi mzaa baba wa wanangu alizaliwa Leeds mwaka 1912. Sensa ya 1931 siipati popote, na katika rejesta ya 1939 simwoni kwa jina lake la usichana, ingawa aliolewa mwaka 1946. Babu yake tayari ninaye katika sensa ya 1911.

Binti Pwani

Dada, sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliungua yote Desemba 1942 ilipokuwa imehifadhiwa Hayes, Middlesex, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ndiyo maana rejesta ya tarehe 29 Septemba 1939 inathaminiwa mno. Iliandikwa kwa ajili ya vitambulisho, lakini baadaye ilitumiwa na huduma ya afya ya taifa hadi 1991, na wanawake walioolewa katika miaka hiyo waliandikiwa jina jipya la ukoo juu ya la zamani. Kwa hiyo mtafute pia kwa jina la ndoa ya 1946 pamoja na tarehe yake kamili ya kuzaliwa. Kwa kuwa alizaliwa 1912 mstari wake haupaswi kuwa umefunikwa. Yanayofunikwa ni ya watu ambao hawajatimiza miaka 100 tangu kuzaliwa na ambao vifo vyao havijathibitishwa. Usipomwona bado, mtafute kwa anwani ya baba yake, kwa sababu huenda jina lilinakiliwa vibaya. Tuandikie mtaa uliouona katika sensa ya 1911, na umwangalie pia katika ya 1921 akiwa na miaka minane au tisa. Namwomba dada Mkwe wa Yorkshire atusaidie kujua mtaa huo uliangukia wilaya gani ya usajili.