"Mfumo ndio umesema": darasa la watu 70, 56 hawana alama ya kazi ya kikundi, na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni Alhamisi!

Wakuu, nipo Mbeya, mwaka wa tatu, chuo sikitaji kwa sababu bado nataka cheti chao. Mods, nawaomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bumu (pesa ya mkopo) kuchelewa. Haya ni mambo mawili tofauti, ingawa yote yananinyima usingizi.

Ijumaa nilikuwa nyumbani Tukuyu. Mvua ya kwetu mnaijua. Nimekaa jikoni na mama tunamenya ndizi, simu ikaita, katibu wa kikundi chetu, binti wa Makete. "CA zimetoka, mimi nina 33, wewe je?" CA ndizo alama za testi na kazi za muhula, kabla ya UE. Nikanunua bando la elfu moja, ukurasa ukazunguka weee mpaka sufuria likachemka. Ulipofunguka: 13 kati ya 40.

Pale kwetu ukiwa chini ya 16 hukai UE. Hakuna hata sapu (mtihani wa marudio) hapo, unabeba somo zima mpaka mwakani wakati wenzako wanavaa joho.

Kinachoniuma ni kwamba mwezi mzima kabla ya hapo skrini ileile ilikuwa inaniambia nina asilimia 65. Sijafanya testi nyingine tangu hapo, sijakamatwa naibia, wala sijagombana na mtu. Nimelala na 65, nimeamka na 32.5.

Somo lenyewe lina testi mbili za alama kumi kumi, nilipata 7 na 6. Zilizobaki 20 ni kazi ya kikundi. Tulikuwa watano, tumekesha geto Iyunga, tumeshinda Mwanjelwa tunahoji wauza mchele, wa Kyela huku, wa Mbarali kule, wengine wanatufukuza wakidhani tumetumwa na watu wa kodi. Mwalimu alisema mwenyewe darasani: mtu mmoja apakie kwa niaba ya kikundi. Katibu akapakia. Tukapata 16 kati ya 20, na maoni mazuri chini yake. Sasa hiyo 16 anayo katibu peke yake. Sisi wanne tuna kimstari tu.

Jumatatu nikadamka na Kosta ya kwanza, ukungu kuanzia Kiwira mpaka Isyonje dereva anaendesha kwa kukisia, saa 3 niko chuo. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Kijana, mfumo ndio umesema hivyo, mimi nifanyeje? Nenda TEHAMA." TEHAMA wakaniambia wao wanaangalia seva, alama ni za mwalimu. Ofisi ya mitihani wakasema wao wanapokea kilichotoka kwenye mfumo. CR, mwakilishi wa darasa, akapeleka barua yetu idarani, akajibiwa dirisha la kurekebisha alama limeshafungwa. Yaani milango minne, na kila mlango una mtu mzima anayemsingizia kompyuta.

Basi usiku nikakaa nikasoma. Mfumo tunaotumia ni Moodle, programu ya mtandaoni ya kupakia kazi na kutunza alama. Ni wa bure, upo tangu 2002, ulianzishwa na Mwaustralia anaitwa Martin Dougiamas, na maelezo yake yote yamewekwa wazi mtandaoni kwa anayetaka kuyasoma. Saa mbili tu zilinitosha.

Mwalimu anapotengeneza kazi kuna sehemu ya kuchagua kwamba wanafunzi wanawasilisha kwa vikundi. Ukichagua, mmoja akipakia inahesabika kwa wote na alama inawafikia wote. Usipochagua, mfumo unamwona aliyepakia tu. Yetu haikuchaguliwa. Hapo simlaumu sana mwalimu, ana masomo matatu na anafundisha vizuri, na semina waliyopewa nasikia ilikuwa ya nusu siku pamoja na chai.

Ila hili la pili ndilo limenipandisha presha. Kwenye kitabu cha alama kuna kisanduku kinachoamua nafasi tupu zihesabiwe au zirukwe. Kikiwa na tiki, mfumo unaruka kisichosahihishwa: 13 zangu zikagawanywa kwa 20, ndiyo ile 65 niliyokuwa natamba nayo. Tiki ikiondolewa, kila nafasi tupu inakuwa sifuri, na 13 inagawanywa kwa 40. Kuna mtu aliiondoa siku ya kufunga CA. Kuiondoa si kosa, mwisho wa muhula ambaye hakufanya kazi apate sifuri yake. Lakini kabla hujaiondoa si unapitisha macho kwenye safu uone nani ana kimstari na kwa nini? Darasa lina watu 70, vikundi 14. Wenye alama ya kikundi ni 14, wasio nayo 56. Watu 56, wakuu! Anayeuza nyanya pale Kabwe akikuta tenga 56 kati ya 70 ni tupu, atauliza nani kapita hapa.

Na hili la "mfumo umesema" ni uongo. Moodle ina ripoti ya historia ya alama: ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi, lini, na nani kabadilisha. Mwanafunzi haioni, wao wanaiona. Hakuna aliyeifungua.

Kurekebisha nako si kujenga daraja. Mwalimu anafungua ile kazi, anaingia kwa kila mmoja wetu, anaandika 16, anahifadhi. Mwanafunzi anaweza kupewa alama hata kama hakupakia mwenyewe. Tahadhari moja kwa walimu mliomo humu: msiandike moja kwa moja kwenye kitabu cha alama. Ukiandika pale, mfumo unaichukulia kuwa umeamua kwa mkono, na kesho ukisahihisha upya kule kwenye kazi, hapa haibadiliki. Kikundi cha jirani yetu mmoja wao "alisaidiwa" hivyo, kazi yao ikaongezwa alama mbili, yeye kabaki na ile ya zamani.

Mama jana kapiga simu, kaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo mashine ndiyo inayokufundisha?" Sikuwa na jibu.

UE ni Alhamisi. Kesho saa 2 asubuhi niko mlangoni kwa mkuu wa idara na picha za skrini za wenzangu wote wanne, na ile kurasa ya maelezo nimeichapa Soweto kwa hela ya nauli. Mwenye kujua kama mkuu wa idara anaweza kufungua dirisha bila kusubiri kikao aniambie usiku huu. Wa "ungesoma kwa bidii", naomba mpite kimya.