Tupeane uzoefu: paka wako akilala, huwa amelala kweli?

Mlinda Kochi
Wakuu, habari za saa hizi. Wafuga paka nawahitaji hapa. Nina dume langu jeusi, ukubwa wake wa kutosha, ambaye akishapitiwa na usingizi unaweza kumtoa kwenye kochi, ukampeleka kitandani, ukamrudisha, na jicho hafungui. Kichwa kinaning'inia, miguu imelegea, ulimi umechungulia nje kidogo. Kuna mgeni aliwahi kunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama huyu mnyama yu mzima.

Lakini huyo huyo, ukifungua kopo la chakula chake chumba cha pili, tena kwa kunyata, unamkuta miguuni kabla hujaweka kifuniko chini. Sasa mimi sielewi, ni usingizi au ananiigizia? Nimesoma kwamba paka mzima hulala kati ya masaa 12 na 16 kwa siku. Wangu nadhani anapiga na ovataimu. Hebu tuambiane, wenu wanalalaje?

Sharubu Refu
Mkuu, anakuigizia nusu. Hayo masaa yote siyo usingizi mzito. Sehemu kubwa paka anasinzia tu, macho yamefungwa lakini masikio yako kazini. Ukitaka kumjua, usimtazame usoni, tazama masikio. Kama sikio moja linageuka kila mlango ukilia, huyo yupo na wewe. Usingizi wenyewe unakuja kwa vipande vifupi, dakika chache hivi, halafu anarudi kwenye kusinzia. Hapo kwenye vipande ndipo utaona masharubu yanatetemeka, vidole vinajikunja, mkia unaruka peke yake. Ukimbeba wakati huo ndiyo unapata huo mzigo uliolegea unaousema.

Dada Manyoya
Wangu ni jike, na usingizi wake ni wa pono, hiyo ya vipande vifupi labda hajaambiwa. Siku moja alipotea. Tumeita jina lake nyumba nzima, tumetikisa kopo, tumeangalia chini ya vitanda, nyuma ya jokofu, juu ya kabati. Hakuna. Mdogo wangu kaanza kulia. Tukatoka nje na tochi, majirani nao wakatoka, mzee mmoja akajitolea kupanda ukuta aangalie upande wa pili. Watu wazima usiku tunalia "nyau nyau nyau" kama tumerogwa.

Tumerudi ndani tumekata tamaa, mama akavuta droo ya mashuka atoe shuka la mdogo wangu alale. Bibie yuko ndani, amejikunja katikati ya mashuka, anapiga miayo. Droo ilikuwa imeachwa wazi mchana, akaingia, mtu akapita akaisukuma. Zogo lote lile alikuwa umbali wa hatua mbili na hakuitikia hata mara moja. Mama hakusema kitu, alirudisha droo akaacha uwazi, akaenda kutafuta shuka jingine.

Fundi wa Zamu
@Dada Manyoya nimecheka hadi machozi, lakini hapo hapo niseme jambo la maana. Mashine ya kufulia inayofunguka kwa mbele ni droo nyingine hiyo. Nguo zimetoka za moto, mlango umeachwa wazi, paka anaingia analala, mtu anakuja anatupia nguo juu yake bila kuangalia. Mkono uingie hadi nyuma kabla ya kuwasha, kila mara. Na wenye magari, kukiwa na baridi gonga boneti kabla ya kuwasha, maana injini iliyotoka kuzimwa kwao ni kitanda chenye joto. Mwili wa paka wenyewe ni nyuzi 38 hadi 39 hivi, umezidi wetu, na bado wanatafuta joto jingine.

Kimya Kingi
Yangu ni tofauti kidogo na za wenzangu. Nina dume mweupe pee, macho yote mawili ya bluu. Tangu mdogo analala hivi kwamba mashine ya kufyonza vumbi inapita ubavuni mwake na hatikisiki. Watoto walimwita shujaa. Mimi nikawa naona fahari kuwa na paka asiyeogopa kelele.

Siku ya chanjo daktari wa mifugo alisimama nyuma yake akapiga makofi. Hakuna. Akaangusha funguo kwenye sinia la chuma. Hakuna. Akatuambia paka weupe wenye macho ya bluu wengi wao ni viziwi tangu kuzaliwa. Chembechembe zinazotia rangi kwenye ngozi na macho zinahitajika pia ndani ya sikio, zikikosekana huko sikio linakufa mapema. Mwenye jicho moja tu la bluu anaweza kuwa kiziwi upande huo huo wa jicho.

Tangu hapo nyumba imebadilika. Haamshwi kwa kuguswa, maana akishtuka anaamka na makucha. Tunakanyaga sakafu kwa nguvu kidogo, mtikisiko anausikia kwa tumbo na nyayo, anafungua macho anatutafuta. Au unaweka mkono karibu na pua, unasubiri harufu imfikie. Mdogo wetu wa mwisho ndiye fundi, anamsogelea, anamletea mkono, anasubiri kimya. Mtoto ambaye kwingine kote hana subira hata ya kufunga viatu. Nje hatoki, gari hatalisikia.

Kwa hiyo @Mlinda Kochi, wako anayesikia kopo likifunguliwa chumba cha pili, huyo ana masikio. Usiwe na wasiwasi.

Msomaji wa Usiku
Kuna aliyeongelea masharubu kutetemeka. Wangu anatikisa taya kabisa, ule mlio wa "kekekeke" wanaoutoa wakiona ndege dirishani, anautoa amelala! Nikafukua kidogo. Mwanasayansi wa Ufaransa, Michel Jouvet, alifanyia kazi paka huko Lyon, na mwaka 1959 alieleza aina ya usingizi ambayo ubongo unachangamka karibu kama wa aliye macho, wakati misuli ya mwili imezimwa. Baadaye akaharibu sehemu ndogo kwenye shina la ubongo, ile inayozima misuli. Wale paka wakawa wanainuka katikati ya usingizi, wananyemelea, wanarukia, na mbele yao hakuna kitu.

Mimi hao paka nawaonea huruma, sitaki kujifanya vinginevyo. Ila sasa nikimwona wangu anachapa miguu kwenye blanketi nina hakika kubwa zaidi kwamba kuna kitu anakikimbiza.

Bin Nyau
Kwa hiyo anayenipiga mateke ya mbavu usiku anawinda? Sawa. Nilidhani ana kinyongo.

Koti la Bluu
Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nimechelewa kazini kwa sababu paka amelalia mkono wangu. Bosi wangu hafugi.

Sharubu Refu
@Koti la Bluu hahaha, hapo hakuna utetezi. Wenye vitoto vya paka je? Nina kimoja kinasinzia kikiwa kinakula, pua inashuka taratibu hadi kwenye bakuli.

Mama wa Kliniki
Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, nimesoma hizi zote kwa furaha, ila naomba mnisikilize kidogo kuhusu paka wazee.

Neno ninalolisikia karibu kila wiki ni "ni uzee tu, analala sana". Wakati mwingine ni kweli. Lakini paka ni hodari wa kuficha maumivu, na njia yake ya kuficha ni kulala. Alikuja mama mmoja na jike la miaka mingi, akasema kazi yake sasa ni usingizi. Tukamuuliza analala wapi. Zamani juu ya kabati, siku hizi chini ya kitanda, pembeni, gizani. Anakunywa maji kuliko kawaida? Ndiyo, sana. Vipimo vikaonyesha figo. Mama alikuwa akihesabu masaa, lakini lililotueleza zaidi ni kwamba paka amehama mahali pake. Asiyepanda tena kitandani naye huenda magoti yanamuuma.

Mkitaka kitu cha kufanya nyumbani, mhesabuni pumzi akiwa amelala fofofo. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa dakika iwe chini ya 30. Ikiwa kila ukihesabu inazidi hapo, mpelekeni, inaweza kuwa moyo au mapafu.

Na hiyo mitetemo ya ndoto: ukimwita jina akaamka, akakutazama, hakuna neno. Akikakamaa mwili mzima, akitokwa na mate au mkojo, na kumwita hakusaidii, hiyo huenda ni kifafa. Msimshike mdomo, rekodini video kwa simu, mje nayo. Video inatusaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Kimya Kingi
Asante sana dada. Nimehesabu sasa hivi, yuko sawa.

Msomaji wa Usiku
La mwisho kutoka kwangu. Mwaka 2025 watafiti walichapisha kazi yao baada ya kuangalia video 408 za paka waliolala, karibu theluthi mbili walikuwa wamelalia ubavu wa kushoto. Wanahisi ni usalama: akiamka ghafla, jicho la kushoto linaona hatari na habari inakwenda upande wa kulia wa ubongo, ulio mwepesi kushughulikia vitisho. Nimekagua wawili wangu. Mmoja kushoto. Mwingine chali, miguu minne hewani, hana adui duniani.

Mlinda Kochi
Nimefanya kama @Sharubu Refu alivyosema, nimetazama masikio. Jamaa wakati namhamisha sikio la kulia lilikuwa linanifuata! Anajua. Siku zote anajua, ila anapenda kubebwa.

Swali jingine basi. Akilala hivyo mchana kutwa, alfajiri ananikanyaga kifuani kama askari. Nifanyeje?

Mama wa Kliniki
Ndiyo maumbile yao, alfajiri na magharibi ndiyo saa za kuwinda. Kabla hujalala mchezeshe akimbie mpaka achoke, mwache "akamate" mwishoni, halafu mpe chakula. Akishashiba atajilamba, atalala. Na akikuamsha alfajiri usinyanyuke kumpa chakula, ukifanya hivyo umemfundisha saa ya kuamka.

Bin Nyau
Mimi nimejaribu hiyo jana. Nimemchezesha, amekula, amejilamba, amelala hadi jua limetoka. Saa 11 alfajiri nimeamshwa na yule wa pili.