Naomba ushauri: historia ya bendi ya bagpaipu ya Shotts

Habari zenu wakuu. Naandaa makala kuhusu Shotts and Dykehead Caledonia, bendi ya bagpaipu (ala ya kupuliza yenye mfuko wa hewa) ya mji wa wachimba makaa ya mawe kule Uskoti, iliyoanzishwa 1910. Mataji ya dunia, likiwemo la 2015, hayanisumbui. Hayo yameandikwa sana. Nimekwama kwa wapigaji wa mwanzo. Magazeti ya zamani nimeyapekua, mengi yanataja matokeo tu (majina ya watu hawana habari nayo). Picha niliyopata ina wanaume waliovaa kilti (sketi za jadi za Kiskoti), mbele kuna ngoma kubwa iliyokazwa kwa kamba, haina mwaka.

Waliowahi kufanya kazi hii: picha hiyo niikadirie mwaka kwa sare au kwa ngoma? Na wazee wa mji niwaulize nini kwanza?