Mtoto njiti katoka wodini Ijumaa, barua ya kuuliza viza yake imeshafika

Mama Nasri, Coventry

Asalaam aleikum wote, shikamooni wakubwa zangu. Saa tisa usiku hii hapa Uingereza sijalala, ndo nikaona niandike. Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, kilo moja na gramu 150, tumekaa NICU (wodi ya wachanga mahututi) halafu SCBU (ya uangalizi maalum) jumla siku 61, Ijumaa iliyopita tukaruhusiwa, sasa ana kilo 2.2, ananyonya mwenyewe, mpira wa puani umetolewa, alhamdulillah. Jana mchana ikaja barua ya ile ofisi ya hospitali inayoshughulika na watu wa kutoka nchi za nje. Wanataka hadhi ya uhamiaji ya mtoto, na akifika miezi mitatu kama hatujaonyesha kitu matibabu yake yatakuwa ya kulipia. Sisi tuko kwa viza ya kazi, Skilled Worker, mwenye kazi ni baba yake, IHS, ile ada ya afya ya wenye viza, tulilipa wote wawili. Cheti cha kuzaliwa tulikichukua siku ya 40, hakuna aliyekuwa na akili ya kwenda kwa msajili wakati mtoto yuko kwenye oksijeni, kwa hiyo pasipoti ya Tanzania ndo kwanza tumeomba.

Maswali ni mawili. Tunaweza kutuma maombi ya viza yake wakati pasipoti bado haijatoka? Na hiyo miezi mitatu inahesabiwa kuanzia alipozaliwa au siku aliyotakiwa kuzaliwa? Maana wodini kila kitu ni umri wa kusahihisha, yaani wanahesabu toka siku aliyotakiwa kuzaliwa, kwa hesabu yao mwanangu hata hajazaliwa.

Lingine si swali. Wodini kulikuwa na mashine, akisahau kupumua inalia na nesi anakuja. Hapa hakuna kinacholia. Namwekea mkono kifuani mpaka adhana ya alfajiri ilie kwenye simu. Usiku huu alipumua mbiombio halafu akanyamaza, nikashika simu nipige 999, namba ya dharura, baba yake akasema ngoja kwanza, tukirudi kule na barua ile wataandika bili. Tukangoja. Alirudi kupumua mwenyewe lakini tulingoja, na hilo ndo linanikosesha usingizi.

Baba Imani, Reading

Pole sana dada, hongera kwa mtoto. Viza isikuumize kichwa, mtoto kazaliwa hapa huyo ni raia wa hapa, wapelekee cheti cha kuzaliwa wakione.

Sudi, Leicester

Baba Imani naomba usiwapotoshe watu, hili tumelijadili humu mara ngapi. Kuzaliwa hapa peke yake hakumpi mtoto uraia tangu tarehe 1 Januari 1983. Lazima mzazi mmoja awe raia au awe na ILR, ukaazi wa kudumu, siku mtoto anapozaliwa. Skilled Worker sio ILR. Huyu atakuja kuwa na njia yake, mkipata ILR kabla hajafika 18 mnaweza kumsajili, au akiishi hapa mpaka atimize miaka 10 ana haki ya kuomba, lakini leo ni mtegemezi kama mama yake.

Dada swali la miezi mitatu: ni tarehe iliyoandikwa kwenye cheti, basi. Umri wa kusahihisha Home Office, wizara ya uhamiaji, hawaujui. IHS ya mtoto ni pauni 776 kwa mwaka na mnalipa miaka yote iliyobaki kwenye viza yenu kwa mkupuo, jiandaeni. Sisi wetu alipozaliwa tulichelewa kwa sababu nyingine kabisa, baba mwenye nyumba alikuwa anatutoa, nikaja kukopa kwa shemeji Oldham, ile miezi naikumbuka mpaka kesho.

Baba Imani, Reading

Wangu wawili wamezaliwa hapa na wote wana pasipoti za hapa, sijasema uongo.

Sudi, Leicester

Kwa sababu wewe ulikuwa na ILR kaka! Ndo hicho ninachosema.

Bi Mwanaisha, Milton Keynes

Nyinyi wanaume hebu nyamazeni kidogo, hamkusoma alichoandika huyu mtoto wa watu mpaka mwisho.

Mama Nasri mwanangu, hongera, na pole ya safari. Mie nimefanya kazi wodi za watoto njiti miaka mingi, Mombasa kwanza halafu huku, sasa nimestaafu. Nianze na la bili kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia. Mwanao hajafika miezi mitatu, hajatoka nje ya nchi hii, na wazazi mumelipa IHS, kwa hivyo hana deni. Na hata kama ingekuwa hana karatasi yoyote duniani, A&E, dharura ya hospitali, haimtozi mtu kwa kuonwa pale, na GP, daktari wa mtaa, ni bure kwa kila mtu. Mapokezi ya GP wakikwambia lete pasipoti ya mtoto ndo tumwandikishe, waambie kwa adabu kuwa kitambulisho si sharti la kuandikishwa. Barua ile ni ya karani. Msiiweke baina yenu na simu usiku. Muonyeshe baba yake haya niliyoandika.

Sasa kupumua. Watoto hawa hupumua kwa mkumbo, mbiombio halafu hunyamaza sekunde tano, mpaka kumi, halafu huendelea, na mama roho ishamtoka. Ule ni mpumuo wao, utapungua anavyokua. Hukoroma, hugugumia, hujinyoosha uso ukawa mwekundu kama nyanya, mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni hulala kimya kuliko njiti. Wodini pia alikuwa akifanya hivyo, ila makelele ya pale hukuyasikia. Na ujue hawakumtoa kwa kukuhurumia. Mtoto hutoka akiwa anashika joto lake mwenyewe kwenye kitanda cha kawaida, ananyonya, anaongeza uzito, na zimepita siku bila ile mashine kulia kwa kusahau kupumua. Huo ndio mtihani na kafaulu.

La kupiga 999 bila kungoja mtu ni hili: akinyamaza kupumua sekunde 20 au zaidi, midomo au ulimi ukiwa wa buluu au kijivu, mbavu zikizama ndani kila akivuta pumzi, akilegea kama kitambaa, au humwamshi akaamka. Akikataa kunyonya mara mbili mfululizo au hana nepi mbichi, piga GP au 111, namba ya ushauri wa afya, siku hiyo hiyo. Walikufundisha kumpulizia na kumbonyeza kifua kabla hamjatoka? Kama baba yake hakuwepo siku hiyo, piga simu wodini umuombee na yeye afundishwe, hawakatai. Na namba ya wodi uipige hata saa nane za usiku, tulikuwa tukizipokea simu hizo kila usiku na hakuna aliyetuudhi.

Mlaze chali, miguu yake iguse mwisho wa kitanda, chumbani kwenu. Najua wodini ulimuona kalazwa kifudifudi, pale alikuwa na mashine, nyumbani ni chali tu. Chumba nyuzi 16 mpaka 20, usiwashe hita mpaka dirisha litoe jasho.

Mama Tumaini, Northampton

Ahsante Bi Mwanaisha. Mimi pacha wangu walizaliwa wiki 31, mmoja alitoka wodini siku 19 kabla ya mwenzie, nikawa namwacha mmoja nyumbani nakwenda kwa mwingine, popote nilipo nalia. Leo wana miaka sita na hawakamatiki.

Naongeza la kulala naye. Mama yangu kila siku kwenye WhatsApp "mtoto mchanga analalishwaje peke yake kama mgeni, muweke ubavuni kwako apate joto la mama", na mimi kweli nililelewa hivyo, sote sita. HV, nesi anayetembelea wachanga majumbani, akanikalisha chini akanieleza, aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5 kitanda kimoja hapana, hata kama huvuti sigara hata kama hunywi. Joto la mama mpe ukiwa macho, mkalishe kifuani ngozi kwa ngozi, ile kangaruu, funika kanga juu. Nilimwambia mama hivyo, kuwa wazungu hawajakataa kanga, akafurahi, akanitumia doti nne kwa mtu anayekuja.

Na wageni!! Huku tumezoea mtu akijifungua nyumba inajaa. Wangu alipata mafua ya mgeni wiki ya pili tukarudi hospitali usiku nne. Bandika karatasi mlangoni, aliyekohoa asiingie, awe shehe au mchungaji. Chakula waache kwenye ngazi. Na chanjo mpeleke kwa umri wa cheti, wiki 8, 12, 16, hapo ule umri wa kusahihisha hautumiki. Kukaa, kutambaa, kuongea ndo uhesabu wa kusahihisha mpaka miaka miwili, usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Njeri, Luton

Hi wote. Mama Nasri, bwanako anajua kuna Neonatal Care Leave, likizo ya kazi kwa wazazi wenye mchanga wodini? Ilianza tarehe 6 Aprili 2025, mtoto akikaa wodini siku 7 mfululizo na kuendelea kila mzazi anapata wiki moja kwa kila wiki, mwisho 12. Siku 61 ni wiki 8 kamili. Yako unaichukua maternity ikiisha. Pia msisahau Child Benefit, posho ya mtoto ya serikali, ni online siku hizi.

Sudi, Leicester

Njeri, CHILD BENEFIT HAPANA. Wako NRPF, viza yao hairuhusu posho za serikali. Wakidai inaharibu viza yao. Na hiyo likizo mpaka uwe umefanya kazi wiki 26.

Njeri, Luton

Child Benefit nimekubali, samahani, sikufikiria. Lakini likizo si wiki 26, hizo ni za MALIPO. Likizo yenyewe ni toka siku ya kwanza ya kazi. HR ya kwetu pia waliniambia kama wewe nikawaprintia sheria. Si benefit, hii ni haki ya kazi, NRPF haiigusi.

Sudi, Leicester

Sawa, hapo uko sahihi.

Salum, Birmingham

Hata nyumbani Tanzania bunge lilirekebisha sheria za kazi 2025, mama wa njiti anaongezewa likizo, na hilo limepiganiwa na kina Doris Mollel ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, kwa hiyo tusiseme kwetu hakuna kitu. Lakini mimi naona mzizi wa haya yote ni uraia pacha. Mkenya katiba ya 2010 ilimruhusu. Sisi tunapewa hadhi maalum tukisharudisha pasipoti. Huyu mtoto akiwa raia wa hapa na akafika miaka 18 ataambiwa achague, achague nini, mama yake au alipozaliwa?

Baba Imani, Reading

Salum umesema kweli kabisa. Mimi baba yangu alifariki nikaingia Dar kwa viza, nimepanga foleni ya wageni uwanja wa ndege niliokuwa nauza karanga nje yake.

Mama Tumaini, Northampton

Pole Baba Imani. Mie mama yangu aliomba viza ya kuja kunisaidia wale pacha walipozaliwa, akanyimwa, wakasema hawaamini atarudi. Mama ana ng'ombe na ana kwaya. Arobaini nimekaa peke yangu, uji wa pilipili manga nimejipikia mwenyewe huku nakamua maziwa.

Bi Mwanaisha, Milton Keynes

Mama Nasri nani anakupikia? Niandikie pembeni, Coventry kwangu si mbali. Sikohoi.

Mama Nasri, Coventry

Nimesoma zote, nyingine nimezisoma kwa sauti baba yake akiwa ananyonyesha chupa ya usiku. Alisoma ya Bi Mwanaisha mara mbili, akainuka akaitoa ile barua mezani akaiweka kwenye droo, akabandika namba ya wodi kwenye friji. Leo mchana amekwenda wodini kufundishwa, walimpa mdoli akafanya mbele yao. GP wamemwandikisha bila pasipoti.

Bi Mwanaisha nimekuandikia, Mungu akulipe. Hapa sipikiwi na mtu.

Usiku wa jana alinyamaza tena nikahesabu, moja, mbili, nilifika saba akaendelea. Nikalala saa mbili mfululizo, mara ya kwanza toka Ijumaa.

La viza kabla ya pasipoti bado naomba mwenye kujua, zimebaki siku 23.