Landrova 109 ya mnada hapa Mtwara: historia yake naihakiki vipi?

Mtu wa Shangani:
Wakuu, kuna Landrova 109 inapigwa mnada wiki ijayo hapa mjini. Imelala chini ya mwembe, matairi yameisha upepo, kuku wanatagia siti ya nyuma. Dalali anadai ilikuja na Waingereza wa mradi wa karanga Nachingwea, eti ndiyo maana bei ya kuanzia imechangamka. Kadi ipo, ila mwaka umefutika. Naipenda kwa sababu za kitoto tu, hizi ndizo zilikuwa zinatupandisha Newala. Sitaki kuingizwa mjini. Nawasilisha.

Fundi Masasi:
Kamba hiyo, mkuu. Mradi wa karanga ulifutwa 1951, na Land Rover za wakati huo zilikuwa fupi, inchi 80 toka ekseli hadi ekseli. 109, yaani ya inchi 109, ilikuwa haijazaliwa!

Tazama saa za dashibodi. Zikiwa katikati, hiyo ni ya zamani kweli. Zikiwa mbele ya dereva na grili ni ya plastiki, ni Series III, toleo la tatu, 1971 kuja huku.

Halafu lala chini na brashi ya waya. Namba ya chesisi imegongwa kwenye mkono unaoshika springi ya mbele, kulia. Sugua polepole mpaka isomeke, linganisha na kadi. Zikipishana, hata wakikupa bure usichukue.

Beba na sumaku. Madgadi ni aluminiamu, ikinasa ujue yamebadilishwa. Chesisi ni chuma, na hii chumvi ya bahari yenu inaitafuna kwa ndani. Gonga boriti ya nyuma kabisa.

Dada Mikindani:
Ukiipata namba, pita TRA kwanza uulize usajili na madeni. British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, wanatoa cheti kwa malipo: ilitoka kiwandani lini, ikapelekwa wapi. Na soma masharti ya tangazo, mnadani gari inauzwa kama ilivyo.

Mtu wa Shangani:
Nimetoka huko. Saa ziko mbele ya dereva, grili plastiki. Nikamwonyesha dalali, akanijibu, "Basi ilikuja na karanga za awamu ya pili."

Fundi Masasi:
😂😂 Boriti je?

Mtu wa Shangani:
Kidole kinapita. Namba lakini inalingana na kadi. Nitataja bei ya skrepa, nikizidisha ni kidogo tu, ya mapenzi.